Barua ya wazi: Kodi ya malimbikizo ihesabiwe kwa miezi tuliyofanya kazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Nakala: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Mwanza.

YAH: KODI INAYOKATWA KWENYE STAHIKI ZA MWISHO ZINAZOLIPWA KWA KUCHELEWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Igoma, jijini Mwanza. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandaa mishahara katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa kando ya ziwa, mpaka nilipopunguzwa pamoja na wenzangu. Tangu hapo watu wananijia nyumbani na karatasi zao, wengine wa kiwanda chetu, wengine wa viwanda vingine, wakiuliza swali lile lile: mbona kodi imekula hela yote hii?

Ombi langu kubwa ni moja. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi, akija kulipwa malimbikizo ya mishahara na stahiki zake kwa kuchelewa, kodi yake ihesabiwe kwa miezi aliyoifanyia kazi. Isihesabiwe kwa mwezi ambao mwajiri ameona vema kulipa.

Wenyeji wa Mwanza hawahitaji kuelezwa watu wanavyopoteza kazi huku, lakini nyinyi mko Dodoma na Dar es Salaam, kwa hiyo naeleza. Kazi ya minofu inamfuata sangara. Samaki wakiwa wengi, zamu zinakuwa mbili na magari ya barafu yanapanga foleni getini. Wakipungua, mashine zinazimwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Wakongwe wa viwandani bado wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria na watu wakarudishwa nyumbani. Siku hizi hapahitajiki zuio la Ulaya. Kiwanda kinakosa samaki wa kutosha, wanaopunguzwa ni wale wa meza za kuchuna, wa chumba baridi, wa usafi, na mwisho sisi wa ofisini.

Na kabla ya barua ya kupunguzwa, karibu kila mara mishahara huanza kuchelewa. Unaambiwa mzigo haujalipwa, mteja wa nje hajatuma fedha, vuteni subira. Mwezi wa kwanza unavumilia. Wa pili unakopa kikoba. Wa tatu unaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Barua inakukuta bado unadai, na fedha yenyewe inakuja miezi kadhaa mbele, yote kwa mkupuo, pengine baada ya watu kufika CMA.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi kuhusu deni hili. Ajira ikikoma, mwajiri anapaswa kulipa mshahara wa kazi iliyokwishafanyika, likizo isiyochukuliwa, malipo ya notisi kama hakutoa notisi, kiinua mgongo kwa anayestahili, na usafiri wa kumrudisha mtu mahali alikoajiriwa, pamoja na cheti cha utumishi. Hakuna mahali panaposema atalipa atakapojaliwa. Lakini anachelewa, na akichelewa ndipo kodi inapoingia kwa namna ambayo sidhani kama kuna kiongozi aliyekaa akaikusudia.

Nichukue slipu ya mama mmoja aliyekuwa meza ya kuchuna. Amenipa ruhusa niieleze. Jina nimeliacha, na namba nimezisawazisha ili zisomeke bila kikokotoo. Mshahara wake ulikuwa Sh. 500,000 kwa mwezi. Januari, Februari na Machi alilipwa kama kawaida. Aprili, Mei na Juni alifanya kazi bila kulipwa. Mwisho wa Juni akapunguzwa. Oktoba akaitwa kuchukua chake.

Karatasi aliyopewa ni nusu ya ukurasa. Upande wa kushoto kuna mstari mmoja, "Malimbikizo na stahiki". Upande wa kulia kuna NSSF, yaani mchango wa hifadhi ya jamii, na PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Chini kuna malipo halisi na mahali pa kuweka sahihi. Hakuna mwezi hata mmoja uliotajwa. Alisaini akiwa amesimama dirishani, watu wako nyuma yake.

Sasa hesabu. Kwa mwezi wa kawaida, katika ile Sh. 500,000 inatoka kwanza Sh. 50,000 ya NSSF. Inabaki Sh. 450,000 ya kutozwa kodi. Sh. 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na Sh. 180,000 zinazobaki zinatozwa 8%. Kodi ni Sh. 14,400. Kama Aprili, Mei na Juni zingelipwa kwa wakati wake, kodi ya miezi yote 3 ingekuwa Sh. 43,200.

Zilipolipwa pamoja Oktoba, jedwali la mwezi liliona mtu aliyepata Sh. 1,350,000 baada ya NSSF, kwa mwezi mmoja. Kwa jedwali hilo, anayevuka Sh. 1,000,000 analipa Sh. 128,000 na juu yake 30% ya kilichozidi. Kodi ya ile mishahara 3 ikawa Sh. 233,000. Mishahara ni ile ile, kazi ni ile ile, mikono iliyoganda kwa barafu ni ile ile. Kilichobadilika ni tarehe ya malipo, na tarehe hiyo haikuwa mikononi mwake.

Lakini hakupewa mishahara peke yake. Kulikuwa na Sh. 500,000 ya notisi na Sh. 500,000 ya likizo (kiinua mgongo nakiweka pembeni, kilikuwa na mgogoro wake). Vyote vikaingizwa kwenye Oktoba ile ile. Fedha ya kutozwa ikafika Sh. 2,350,000 na PAYE ikawa Sh. 533,000. Ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima.

Nilipoiona karatasi ile nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu kuna jambo lingine ambalo mama yule hakuwa na namna ya kulijua. Viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi vilivyo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ni vya mwaka. Jedwali la mwezi ni mgawanyo wake tu, ili mwajiri akate kidogo kidogo. Kwa mwaka, mtu asiyezidisha Sh. 3,240,000 hatozwi kitu. Kinachozidi hapo hadi Sh. 6,240,000 kinatozwa 8%. Mama yule hakupata ajira nyingine mwaka ule. Jumlisha yote aliyolipwa baada ya NSSF: Sh. 1,350,000 ya Januari hadi Machi na Sh. 2,350,000 ya Oktoba. Ni Sh. 3,700,000. Iliyozidi kiwango kisichotozwa ni Sh. 460,000, na 8% yake ni Sh. 36,800.

Kodi yake ya mwaka mzima ilikuwa Sh. 36,800. Alichokatwa, ukijumlisha na zile Sh. 14,400 za kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo, ni Sh. 576,200.

Waheshimiwa, naomba mzirudie namba hizo mbili. Huyu ni mwanamke anayelea wajukuu, amekaa nusu ya mwaka bila kipato, ana deni la kausha damu linalozaa kila wiki, na amekatwa zaidi ya nusu milioni ambayo kwa viwango vya sheria yenyewe hakupaswa kuilipa.

Nilikaa mbele ya programu ya mishahara kwa miaka, naijua inavyofanya kazi. Inauliza mwezi wa malipo na kiasi. Haiulizi fedha hii ni ya lini, na haiulizi mtu huyu atapata nini mwezi ujao. Ukiiambia Oktoba, Sh. 2,350,000, inakujibu kama vile mtu huyo atakuwa anapata Sh. 2,350,000 kila mwezi. Kwa meneja wa kudumu inafaa. Kwa mtu anayelipwa mara ya mwisho maishani na kiwanda hicho, haifai. Na karani anayeandaa malipo hana maelekezo mengine mkononi. Ana jedwali, na ana tarehe ya kupeleka PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Anaogopa faini, kwa hiyo anakata kikubwa. Siwalaumu makarani.

Nani amepata faida hapa? Mwajiri alikaa na mishahara ya Aprili mpaka Oktoba, akaizungushia biashara yake, bila riba. Alipolipa, alilipa kiasi kile kile. Hazina imepokea zaidi ya inachodai. Gharama yote ya kuchelewa imemwangukia aliyecheleweshewa. Mwajiri akichelewa kupeleka kodi TRA, anatozwa riba na adhabu. Akichelewa kumlipa mchuna samaki, mchuna samaki ndiye anayelipa zaidi.

Mtaniambia kuna haki ya kuomba kurejeshewa kodi iliyozidi. Ipo, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaitambua, na naishukuru. Lakini tazameni kutoka upande wa huyu anayeomba. Kwanza lazima ajue kwamba amekatwa kupita kiasi, na ili ajue lazima mtu amkalishe chini kama nilivyofanya mimi. Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja hana kawaida ya kupeleka ritani ya kodi. Maisha yake yote kodi imekatwa juu kwa juu, hajawahi kuketi na TRA kwa jambo lolote. Kisha anahitaji ushahidi wa alichokatwa. Na hapo ndipo wengi tunakwama.

Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya kodi iliyokatwa ifikapo tarehe 30 Januari baada ya mwaka kuisha. Na kwa aliyeacha kazi katikati ya mwaka, isizidi siku 1 tangu ajira ilipokoma. Ukiisoma unaona nia njema: mtu aondoke na hati yake mkononi. Lakini aliyeiandika alimwona mfanyakazi anayelipwa siku anayoondoka. Mama yule aliondoka Juni akalipwa Oktoba. Hati ya Juni, hata kama angepewa, isingekuwa na shilingi moja ya Oktoba. Na Januari inayofuata, ofisi ya utumishi iliyopaswa kumwandikia imebaki na mlinzi na paka. Simu ya afisa utumishi haipatikani, naye amepunguzwa. Mtu ameshahamia kwao Ukerewe au Kwimba. Nauli ya kuja mjini kufuatilia karatasi ni chakula cha nyumbani.

Bila hati hiyo hawezi hata kujua kama alichokatwa kilifika serikalini. Hili linatuumiza kuliko kukatwa kwenyewe. Mwanachama wa NSSF leo anatazama michango yake kwa simu, akiwa amekaa mwaloni Kirumba anasubiri mtumbwi. Anaona mwezi gani umepelekwa na mwezi gani umerukwa, na anakwenda kumbana mwajiri akiwa na uhakika. Kwa PAYE tunabaki kuamini slipu. Kama taarifa za michango zinaweza kuwekwa wazi kwa mwenye nazo, za kodi iliyokatwa kwa jina lake nazo zinaweza. Mpeni mfanyakazi namna ya kuingia kwa TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, aone: mwajiri fulani, mwezi fulani, amekatwa kiasi hiki, kimepokelewa tarehe hii. Wizi mwingi utakufa siku hiyo bila kuongeza mkaguzi hata mmoja.

Kuna wanaoumia kwa namna nyingine, wale ambao malipo yanavuka mwaka. Kodi ya mshahara inahesabiwa pale fedha inapopokelewa. Chukueni msimamizi wa zamu wa Sh. 900,000 kwa mwezi, ambayo baada ya NSSF ni Sh. 810,000. Alifanya kazi miezi 9 mwaka jana, akalipwa miezi 6, ya 3 ikabaki deni. Angelipwa mwaka ule ule, kodi ya zile Sh. 2,430,000 kwa hesabu ya mwaka ingekuwa Sh. 320,400. Lakini zimekuja mwaka huu, na mwaka huu amejaliwa kazi nyingine ya mshahara ule ule tangu Januari. Fedha ya mwaka jana inapandishwa juu ya fedha ya mwaka huu, inaingia kwenye 25% na 30%, na kodi yake inafika Sh. 615,000. Kwa huyu hata hesabu ya mwaka haimwokoi. Yeye anahitaji sheria itamke wazi kwamba malimbikizo ya mshahara yanarudi kwenye mwaka yalikofanyiwa kazi.

Sasa nije CMA, maana malipo mengi ya kuchelewa yanapitia pale. Naiheshimu Tume. Watu wengi wa viwandani wasingepata hata senti bila wasuluhishi wake. Lakini makubaliano mengi ninayoonyeshwa yanasema tu kwamba mlalamikiwa atamlipa mlalamikaji jumla ya kiasi fulani, kwa awamu mbili au tatu, na shauri limekwisha. Jumla hiyo ndani yake ina mshahara wa miezi tofauti, likizo, notisi, na nauli ya kurudi kwao. Mwajiri anaibeba jumla nzima na kuikata PAYE kama donge moja. Hata nauli inakatwa. Sheria ya Kodi ya Mapato yenyewe inaiacha nje ya kodi gharama halisi ya safari ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi 4, kwenda au kutoka mahali pa kazi, kama alitolewa umbali unaozidi maili 20 kuja kumfanyia kazi mwajiri huyo. Mtu aliyeletwa Mwanza kutoka Kigoma kwa ajili ya kazi ya kiwanda anaingia humo. Lakini nani atajua nauli ni ipi, kama karatasi ina namba moja tu?

Naomba Tume iwe na utaratibu kwamba makubaliano yoyote ya fedha yaonyeshe mchanganuo: mshahara wa mwezi upi na kiasi gani, likizo ya mwaka upi, notisi, kiinua mgongo, usafiri. Na yaseme wazi kama kiasi ni kabla ya kodi au baada. Nimeona wazee wakitoka pale wakijua wamekubaliana milioni 3, wakaja kupokea chini ya hapo sana, wakadhani wametapeliwa na msuluhishi. Hawakutapeliwa. Hakuna aliyewaambia.

Niongeze jambo la muda, kwa kifupi. Madai ya malipo yanatakiwa kufikishwa CMA ndani ya siku 60. Mwajiri anayejua hilo anatoa ahadi ya wiki ijayo, na wiki ijayo tena, mpaka siku zinapita na mtu analazimika kuanza kwa kuomba kusamehewa kuchelewa. Maofisa kazi wakipita viwandani mishahara inapoanza kusuasua, kabla barua hazijatoka, mengi ya haya yasingefika kwenye kodi.

Najua hofu itakayotolewa na wataalamu wenu: ukiruhusu malimbikizo yahesabiwe kwa miezi ya nyuma, wajanja watachukua bonasi ya meneja waiite malimbikizo ya miaka mingi ili wakwepe kiwango cha juu. Hofu hiyo ni ya kweli na ina jibu. Mwezi wa kazi una alama zake. Kuna mkataba, kuna mahudhurio ya zamu, kuna slipu za miezi iliyolipwa kabla, na zaidi ya yote kuna NSSF, ambako mchango unaandikwa kwa mwezi. Mwajiri anayedai kwamba fedha hii ni ya Aprili, Mei na Juni, apeleke na michango ya Aprili, Mei na Juni pamoja na adhabu zake za kuchelewa. Hakuna tajiri atakayejitia adhabu ya NSSF ili kuokoa kodi ya karani wake. Wekeni sharti hilo, mlango wa ujanja utafungwa, na mfuko wa mfanyakazi utapata michango yake iliyokuwa imerukwa.

Kuhusu mapato ya serikali, sioni hasara. Zile Sh. 539,400 zilizozidi kwa mama yule ni zake kwa sheria iliyopo. Kuzikata Oktoba na kumwambia azifuate ni kumkopa mtu asiye na kitu.

Juni 2024 wafanyabiashara walipogoma Kariakoo, na maduka ya katikati ya jiji letu la Mwanza nayo yakafungwa, serikali iliketi nao. Baadaye mwaka huo huo ikazinduliwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi. Nilifurahi, na bado naamini ilikuwa hatua nzuri. Lakini aliyepunguzwa kazini hana duka la kufunga. Hana chama tena, kwa sababu ada ya chama ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara. Akinyamaza, kunyamaza kwake hakumaanishi ameridhika. Ndiyo maana nimeona niandike kwa uwazi, kwa niaba yangu na ya walionikabidhi karatasi zao.

Kwa hiyo, Kamishna Mkuu, lililo ndani ya uwezo wako bila kusubiri Bunge ni hili: watolee waajiri maelekezo ya maandishi kwamba malipo ya mwisho ya mfanyakazi anayeondoka yahesabiwe kwa viwango vya mwaka, kwa kujumlisha alicholipwa na alichokatwa tangu Januari, ili akatwe kinachobaki tu, na hati ya kodi itolewe siku ile ile fedha inapotoka, haijalishi ajira ilikoma lini. Yaandikwe kwa Kiswahili na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za viwanda, pale mfanyakazi anapoyaona. Kwa waliokwisha kukatwa, teua siku maalumu Mwanza, na hata Sengerema na Ukerewe, ambazo watu watakuja na slipu zao na kusaidiwa kujaza maombi ya kurejeshewa. Ambaye mwajiri wake ametoweka bila kumpa hati, TRA itazame kwenye kumbukumbu zake za PAYE ilizopokea kutoka kwa mwajiri huyo, badala ya kumtaka mtu alete karatasi ambayo hakuwahi kupewa.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Muswada wa Sheria ya Fedha hupelekwa bungeni kila Juni. Tunaomba kifungu kimoja kinachosema kwamba malimbikizo ya mshahara yanatozwa kodi kwa viwango vya kipindi ambacho kazi ilifanyika, kwa sharti la michango ya hifadhi ya jamii ya kipindi hicho kuwa imepelekwa. Na kama kodi inaongezeka kwa sababu ya kuchelewa kwa mwajiri, nyongeza hiyo ailipe mwajiri.

Mheshimiwa Waziri wa kazi, mchanganuo wa makubaliano ya CMA na ukaguzi wa mapema viko kwako.

Slipu za wenzangu waliokubali zionwe ninazo, pamoja na makubaliano ya CMA na barua za kupunguzwa, na hesabu ya kila moja nimeiandika pembeni kwa mkono. Niko tayari kuzileta katika ofisi yoyote mtakayoitaja, Mwanza au Dodoma, na kukaa na wataalamu wenu mstari kwa mstari.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Aliyekuwa karani wa mishahara,
Igoma, Mwanza.